Baridi yabisi ya miaka 14, sasa madoa meusi kwenye kucha na kidonda mguuni: tuanzie wapi?

Binti Kilosa: Wakuu, habari za leo. Mama ana miaka 61, baridi yabisi ya rumatoidi mwaka wa 14. Viungo vimetulia, ila wiki ya 3 sasa kando ya kucha kuna vidoa vyeusi kama vichwa vya pini, na juu ya kifundo cha mguu wa kulia kidonda chenye kingo kama kimekatwa kwa wembe. Sukari hana. Tangu juzi ncha ya mguu huo inaburuta akitembea. Zahanati wamefunga bendeji ya kubana. Tuendelee?

Tabibu Viungo: Pole dada. Vidoa vya kucha peke yake vingengoja kliniki. Huko kuburuta mguu hakungoji: mpelekeni hospitali ya rufaa leo. Ugonjwa ukikaa miaka mingi unaweza kushika kuta za mishipa midogo ya damu, hata viungo vikiwa vimepoa. Ukuta unavimba, njia inaziba. Ngozi ikikosa damu inachimbika kidonda. Neva (mshipa wa fahamu) nayo ina vimishipa vyake vya damu vya kuilisha, vikiziba mguu unalegea. Neva hupona polepole mno, na nyingine haziponi.

Nesi Vidonda: Bendeji hiyo ifunguliwe mpaka mguu upimwe kwa dopla (kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu). Presha ya juu (ile namba kubwa) inayopimwa kifundoni igawanywe kwa ya mkononi. Chini ya 0.9, ateri zimebana. Chini ya 0.8, kukaza bendeji kunaweza kuua ngozi iliyobaki. Kwa sasa osheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, gozi isiyonata, bendeji laini juu. Nyama nyeusi kavu msiikwangue, kidonda kitapanuka.

Binti Kilosa: Asanteni sana. Anameza prednisolone (dawa ya steroidi) 5 mg kila siku. Aache kwanza?

Tabibu Viungo: Hapana! Mwili umeshaizoea, akiikata ghafla presha inaweza kuanguka. Wala msimwongezee wenyewe. Ombeni mkojo uangaliwe damu na protini, kreatinini (kipimo cha figo), CRP (kipimo cha uvimbe mwilini), VVU, homa ya ini B na C. Hiyo B msikubali irukwe: ikithibitika ni uvimbe wa mishipa ya damu, mara nyingi huongezwa siklofosfamidi au rituximab, dawa za kushusha kinga ya mwili, na rituximab huweza kuamsha B iliyolala kwenye ini. Wakikata kinyama cha kupima, kitoke ukingoni mwa kidonda. Katikati nyama imeshakufa, haionyeshi kitu.