Mafundi, acheni kufomati mashine za watu eti kwa sababu desktopu imegoma kufunguka

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za kompyuta isiyowaka kabisa, maana hapa nazungumzia mashine inayowaka vizuri tu na bado mtu anaharibiwa kazi zake.

Dada yangu ana steshenari Iringa. Ana mashine mbili za aina moja, zote Linux Mint (mfumo endeshi mbadala wa Windows) yenye desktopu ya Xfce, na hizo ndizo zinazomlisha: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani, katiba za vikundi, risala za harusi. Mashine ya kwanza ikaanza kumrudisha nje. Anaandika pasiwedi, kioo kinakuwa cheusi kidogo, halafu skrini ile ile ya kuingilia inarudi. Pasiwedi ilikuwa sahihi, kwa sababu ukikosea inakwambia umekosea. Akaibeba kwa fundi. Fundi akaiwasha, akatazama mara moja, akasema "OS (mfumo endeshi) imekufa", akapiga Windows juu yake. Hakuuliza kama kuna kazi ndani. Hakuchomeka hata flashi. Mitihani iliyosubiri kuchapwa ikaenda, hesabu za marejesho za kikundi cha akina mama zikaenda, na hela yake akachukua.

Hawa akina mama sasa wanakaa chini kukumbushana nani alirejesha kiasi gani. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia.

Baadaye mashine ya pili ikaonyesha dalili zile zile. Safari hii nikamwambia dada asiiguse mpaka nifike. Skrini ya kuingilia ilipotokea nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, ikafunguka terminali nyeusi, nikaingia kwa jina lake na pasiwedi yake ile ile bila shida yoyote. Nikaandika amri ya kuonyesha nafasi ya diski:

df -h

Mstari wa / (diski kuu ya mfumo) ulisomeka 100%, na nafasi iliyobaki ni 0. Diski imejaa pomoni! Nikatafuta nani anakula nafasi:

sudo du -xh -d1 /var | sort -h

Karibu yote ilikuwa kwenye /var/log, folda ya logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, na humo mafaili mawili tu, syslog na kern.log. Nikasoma mistari ya mwisho ya syslog kwa tail, nikaona mstari mmoja unajirudia skrini nzima, pcieport pamoja na AER (ripoti za makosa ya PCIe) na maneno ya kosa lililosahihishwa. Maana yake kuna kadi kwenye nafasi ya PCIe (tundu la kuchomekea kadi kwenye bodi), kwa mashine hii ilikuwa ya waifai, inayokosea kidogo katika mawasiliano, hadiwea inajisahihisha yenyewe, na keneli, kiini cha mfumo, inaandika ripoti kila mara. Kazi haiharibiki, ila logi inanenepa usiku na mchana.

Sasa fundi anayetaka kujua kwa nini skrini ya kuingilia inatokea halafu desktopu inagoma, jibu hili hapa. Diski ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) ikitengenezwa kwa kawaida inatengewa asilimia 5 kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, peke yake. Huduma za mfumo zinazoendeshwa na root bado zina pa kuandikia, kwa hiyo seva ya X (inayochora picha kwenye kioo) inawaka na LightDM (inayoleta skrini ya kuingilia) inawaka. Ukishaingia wewe mtumiaji wa kawaida, kikao chako kinatakiwa kuandika vifaili vyake ndani ya /home (folda za watumiaji), .Xauthority, kifaili cha ruhusa ya kutumia kioo, kikiwemo, na kwako hakuna hata baiti moja. Kikao kinakufa, LightDM inakurudishia skrini yake. Hakuna kilichokufa zaidi ya hapo.

Dawa yake ni kuyaondolea mafaili hayo mawili yaliyomo, kisha kuiwasha upya LightDM:

sudo truncate -s 0 /var/log/syslog /var/log/kern.log
sudo systemctl restart lightdm

Dada akaandika pasiwedi, desktopu ikafunguka, mafaili yake yote yapo. Kisha nikafungua /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo), nikaongeza pci=noaer kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, nikapiga sudo update-grub na kuwasha upya, logi ikatulia. Hiyo inazima ripoti tu, haitengenezi kadi, kwa hiyo ukiweza kuichomoa kadi na kuirudisha vizuri au kuibadilisha, fanya hivyo.

Siwezi kuapa kwamba mashine ya kwanza ilikuwa na ugonjwa huo huo, maana ushahidi wote ulifomatiwa. Lakini mashine ni za aina moja, kadi ni za aina moja, dalili zilikuwa zile zile. Na hata kama tatizo lilikuwa jingine, /home ilikuwa salama pale pale! Fundi angewasha kwa flashi yenye Linux ya majaribio, akafungua diski, akanakili folda ya mteja, ndipo apige anachotaka kupiga. Labda folda iwe imefungwa kwa usimbaji, hapo atahitaji pasiwedi ya mwenyewe, na mwenyewe amekaa kwenye benchi mbele yake.

Mnajiita mafundi. Mashine ikishaleta skrini ya kuingilia, basi keneli imepanda, diski inasomeka, picha inatoka. Kilichobaki ni hatua ya mwisho tu, na hatua hiyo ina sababu chache zinazojulikana. Tengeneza mtumiaji mpya kwa sudo adduser, jaribu kuingia naye. Akiingia, mfumo ni mzima na kasoro iko kwenye mipangilio ya yule wa zamani. Mara nyingi .Xauthority imekuwa mali ya root kwa sababu mtu aliendesha programu yenye madirisha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root. Itazame kwa ls -la, irudishe kwa mwenyewe kwa chown. Au mipangilio ya Xfce imevurugika, basi ibadilishe jina ~/.config/xfce4, usiifute, mfumo utatengeneza mpya. Mtumiaji mpya naye akigoma, angalia draiva, hasa ya Nvidia baada ya keneli kusasishwa. Kwenye menyu ya GRUB keneli ya zamani bado ipo, ichague uone.

Wenye GNOME (desktopu nyingine ya Linux) wanaoletewa picha ya kompyuta yenye uso wa huzuni na kuambiwa watoke waingie tena, nao wanafomatiwa kila siku. Huo ujumbe hausaidii, nakubali, na umewaponza wengi. Lakini sababu inaandikwa, soma kwa journalctl -b -p err.

Na ninyi wa humu mnaojibu "piga upya tu mkuu" kabla hamjauliza hata swali moja, mnachangia. Mtu ana kazi za watu ndani ya mashine, anakuja hapa ameshachanganyikiwa, mnamtuma akafute kila kitu. Kama hujui, pita kimya.

Kuhusu yule fundi, dada amerudi kwake kudai fedha, amejibiwa kwamba Windows iliwekwa na inafanya kazi. Tunaendelea kudai. Diski yenyewe tumeichomoa isiandikwe tena, kuna jamaa atajaribu kuokoa mabaki kwa PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa. Aliyewahi kuokoa mafaili ya LibreOffice kutoka ext4 iliyopigwa Windows juu yake, tafadhali aseme alifanyaje.

Mwenye mashine inayomrudisha nje sasa hivi aweke hapa matokeo ya df -h, aina ya kadi ya picha, na kile alichosasisha mwisho. Nitajibu kila mmoja. Usiipeleke popote kwanza.