Baba anaikataa mofini na usiku halali. Naombeni ushauri

BintiBombo: Salaam ndugu zangu. Niko Bombo, hapa Uganda, namuuguza baba, miaka 71. Saratani ya tezi dume imeshaingia mifupa ya nyonga na mgongo. Mchana anajikaza mbele ya wageni, usiku anagugumia akidhani tumelala. Tumepewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ile ya kijani, anywe kila baada ya saa 4. Anakunywa mara moja kwa siku. Anasema hiyo ni dawa ya kuagia dunia. Shangazi naye anamwambia atakuwa mtumwa wa dawa.

NesiMstaafu: Pole sana mwanangu. Mofini ikitolewa kwa kipimo haimharakishii mtu kifo. Nguvu yake hudumu saa 4 hivi, kwa hiyo dozi moja inamwacha peke yake siku nzima. Asingoje maumivu yawake, kuyazima ni kazi ngumu kuliko kuyazuia. Muulize muuguzi wenu kuhusu dozi maradufu ya kulalia, ili asiamshwe usiku wa manane. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo mara nyingi hupungua. Choo kigumu hakipungui! Je, mlipewa dawa ya kulainisha? Na miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, huenda uti wa mgongo unabanwa.

Mwana_wa_Arua: Msijipimie wenyewe wala kuazima chupa ya jirani. Ya kijani ina mg 5 kwa ml 5, ya waridi ina mg 50. Kijiko kilekile, nguvu mara kumi. Mimi nashukuru hapa Uganda wauguzi waliosomea kazi hii ya kutuliza maumivu wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini, na dawa yenyewe ni bure. Hospice Africa Uganda, taasisi ya kuwatunza wagonjwa wa maradhi yasiyopona, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo inayoichanganya kutoka poda.

MamaZaituni: Kabla ya kumbembeleza, kaa naye, muulize anaogopa nini hasa. Marehemu mama yangu alikataa miezi miwili. Kumbe aliamini akinyamaza kulia, madaktari watadhani amepona wamwache. Shangazi naye aje siku ya muuguzi, asikie kwa masikio yake.

BintiBombo: Asanteni, nimesoma huku nalia. Nesi, nimemuuliza sasa hivi. Hajapata choo siku ya nne, na dawa ya kulainisha hatukupewa. Nampigia muuguzi.