Mtoko wa kwanza na mhazini wa kamati: nimpeleke wapi hapa Dar?

Fundi wa Msimbazi
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 29, fundi simu Kariakoo, naishi Tabata. Kuna dada nimemfahamu kwenye vikao vya kamati ya harusi ya binamu yangu. Yeye ndiye mhazini. Mnaozijua kamati za harusi mnajua mhazini ni mtu wa aina gani: mwezi mzima alikuwa ananikumbusha nimalizie ahadi yangu. Nikamaliza, halafu mimi ndiye nikaanza kumsumbua kwa meseji zisizo na kichwa wala miguu. Juzi nikajikaza, nikamwomba tutoke Jumamosi jioni. Akakubali. "Chagua wewe, mimi popote." Usingizi ukakata hapo hapo.

Anaishi Kimara, mtoto wa Tanga, pombe hatumii. Bajeti yangu elfu themanini, nauli humo humo. Nilikuwa nafikiria Coco Beach, Slipway au Mlimani City.

Niseme ukweli kwa nini naogopa. Mwaka jana nilimtoa dada mwingine, tukaenda mgahawa mmoja wa Masaki, jina naliacha. Nilisoma bei, nikapiga hesabu kichwani, nikaona chenji itabaki. Bili ilipokuja ilikuwa imenenepa. Nikaaga naenda chooni, nikampigia rafiki yangu anirushie elfu ishirini. Hakupokea mpaka mara ya nne. Nilikaa chooni karibu robo saa. Yule dada sikumpata tena, na simlaumu, nadhani alijua nina tumbo la kuendesha.

Ushauri wakuu, matusi hapana.

Mzee wa Foleni
Elfu themanini na vyuma vilivyokaza hivi? Chipsi kuku Sinza, inayobaki kanunue spea za simu. Niko pale nimekaa, nasubiri mrejesho.

Dada wa Goba
Mpuuze huyo, ndiyo maana anakula peke yake.

Mdogo wangu, ngoja nikupe ya upande wetu. Dada akisema "popote" hana maana ya popote. Kuna vitu anavipima kimya kimya: atarudi nyumbani kwa usafiri gani, kuna watu, kuna mwanga, na je, ukimboa anaweza kuondoka mwenyewe bila kukutegemea? Mtu wa Kimara ukimpeleka Masaki usiku unamlazimisha apande gari la kuita kwa simu. Atakayelipa ni nani? Ukilipa wewe, bajeti imekwenda. Akilipa yeye, umeanza vibaya. Na usijitolee kwenda kumchukua kwao. Mtoko wa kwanza hakuna haja ya wewe kujua mlango wao.

Mhudumu Mstaafu
Nimebeba sinia miaka tisa, mjini na Masaki. Bili yako haikunenepa kwa uchawi. Baadhi ya menyu zina mstari mdogo chini kabisa ya ukurasa: bei hazijajumuisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo ni asilimia 18. Umekula elfu sitini, unaongezewa 10,800. Kuna wanaoweka na malipo ya huduma juu yake. Kwa hiyo ukifungua menyu anzia chini, ndiyo upande juu. Ukikosa kuona, muulize mhudumu kabla ya kuagiza. Hatushangai, tunaulizwa kila siku.

La pili, ambalo vijana mnalisahau: Jumamosi jioni ni mpira. Sehemu ambayo Jumanne unasikia kijiko kikigusa kikombe, Jumamosi imewekwa skrini tatu na watu wanapiga meza. Piga simu mchana, uliza kama wanaonyesha mpira au kuna bendi. Ukifika usikubali meza ya chini ya spika hata kama ndiyo yenye maua. Nimeona wapenzi wakila saa mbili nzima bila kuongea, siyo kwamba wamenuniana, hawasikiani.

Baharia Mkavu
Kama lengo lako ni kutazama jua likizama, Coco ifute. Coco inatazama mashariki, jua litazamia mgongoni mwenu, nyuma ya nyumba za Oysterbay. Slipway ndiyo inaitazama ghuba ya Msasani upande wa magharibi, pale jua linashuka mnaliona. Ila uwe umeketi kabla ya saa kumi na mbili, Dar giza halibembelezi.

Coco ni ya mihogo na mishikaki, mtoko wa tatu huko, mkishazoeana kiasi cha kucheka mtu akipaliwa na pilipili.

Mtoto wa Upanga
Mbona hamjasema Kisutu? Jioni maduka yakifungwa, mitaa ile ya mjini kati inanukia mkaa. Kuku wa kuchoma, naani ya moto, juisi ya ukwaju. Hakuna pombe, familia zinakuja na watoto. Na mwendokasi una kituo Kisutu, anapanda pale anashuka Kimara.

Mzee wa Foleni
Yaani mtoko wa kwanza kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara? Mpe na kitambaa afute meza.

Dada wa Goba
Mtu wa Tanga hatishwi na kiti cha plastiki, Mzee. Kuku akiwa mkavu ndiyo utamsikia. Fundi, mimi naunga mkono Kisutu. Mpe na nafasi ya kukataa: "Nimefikiria kuku wa Kisutu, au una hamu ya kingine?" Mlimani City ibaki akiba, mvua ikinyesha mna paa.

Fundi wa Msimbazi
Mrejesho, Jumapili asubuhi.

Nilimwuliza kama dada alivyonielekeza. Akajibu, "Kisutu! Nilijua utanipeleka sehemu ya kukaa kama tuko kwenye usaili." Tukafika saa kumi na mbili na nusu. Hapakuwa na skrini jirani, Mhudumu, nilipita mchana kukagua.

Kuku alikuwa mzuri. Nilimwangushia ukwaju kwenye pochi, akacheka, akaendelea na hadithi ya mjumbe wa kamati aliyeahidi laki tatu akahama namba ya simu. Bili ilipokuja nikaishika, akanyoosha mkono: "Lete." Akaisoma mstari kwa mstari. Waliandika juisi tatu, tumekunywa mbili. Akamwita kijana, ikarekebishwa bila kelele.

Kituoni magari mawili yalipita yamejaa, sikusikitika. La tatu likawa na nafasi.

Saa nne kasoro ikaingia meseji: "Nimefika. Jumamosi ijayo nalipa mimi, nimeshaandika kwenye daftari."