Norwei na England: mbona idadi ya wanaume wanaofanya kazi chekechea hailingani?

MwalimuChaki
Habari wakuu. Nasomea ualimu wa awali, na darasani kwetu wanaume tunahesabika kwa vidole. Nimesoma kwamba Norwei karibu mfanyakazi 1 kati ya 10 wa chekechea ni mwanamume, lakini England hawafiki hata 4 kati ya 100. Nchi zote mbili zina uwezo. Tofauti inatoka wapi? Na je, ni haki kuzilinganisha hivi?

Mama_Zai
Kwanza uliza nani kahesabiwa. Norwei chekechea ni ya watoto wa mwaka 1 hadi 5, na mara nyingi hesabu inawachanganya walimu wenye shahada na wasaidizi. England mtoto wa miaka 4 tayari yuko shuleni, kwenye darasa la mapokezi, na mwalimu wake anahesabiwa huko shule ya msingi. Lakini hata ukisawazisha, pengo lipo.

Sababu kubwa kwangu ni kwamba Norwei serikali iliamua. Tangu miaka ya 1990 lengo lao ni wanaume 20 kwa kila 100, na kanuni ya 1998 iliruhusu kumtanguliza mwanamume katika kazi za kufundisha na kulea watoto, sifa zikilingana. Pamoja na yote hayo bado wako nusu ya safari. Hilo linanisikitisha kuliko takwimu za England.

Kaka_Mlezi
Mama Zai, kanuni peke yake haileti mtu darasani. Mwaka 1993 Norwei ilitenga wiki 4 za likizo ya uzazi kwa ajili ya baba tu, asipozichukua, zinapotea. Leo ni wiki 15. Kijana aliyemwona baba yake akibadilisha nepi haoni ajabu kuomba kazi ya chekechea.

Niseme na langu. Nilikuwa msaidizi darasa la watoto wa miaka 3. Nikaambiwa nisiwapeleke chooni, hiyo ni kazi ya akina dada. Hakuna aliyenituhumu kitu. Lakini mtoto akijikojolea analia, anakuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliye karibu, nami nasimama namwita mtu mwingine. Mtoto anabaki ameloa, anasubiri. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Ulinzi wa watoto nautaka kuliko mtu yeyote: mlango uwe wazi, watu wazima wawe wawili, na sheria imbane kila mfanyakazi, mwanamke kwa mwanamume. Ikinibana mimi peke yangu, mtoto hajalindwa, nimefukuzwa tu polepole. (Mshahara nao ni mdogo, ila si uliofanya niondoke.)

MwalimuChaki
Pole sana kaka. Basi nitalinganisha walimu wenye sifa tu, watoto wa miaka 3 hadi 5, nchi zote mbili.

Mama_Zai
Vizuri, na England usisahau kuingiza walimu wa darasa la mapokezi. Halafu tafuta wangapi wanaingia na wangapi wanaacha kila mwaka. Asilimia inakuonyesha waliobaki tu. Watu kama Kaka Mlezi hawamo humo kabisa.