Mafundi wangu wanaacha vipima mionzi kabatini, nifanyeje?

FundiMchomeleaji: Wakuu, shikamooni. Nasimamia mafundi wa kuchomelea mabomba kwenye kinu cha nyuklia huku Ghuba. Juzi, kinu kikiwa kimezimwa kwa matengenezo, nimewakuta wawili wameingia eneo la mionzi bila vipima mionzi. Si uzembe. Wanaogopa wakikaribia kikomo cha mionzi anachoruhusiwa mtu kupata watatolewa na posho ikatike, na mmoja anasomesha watoto watatu Tanga. Nimefoka, nimetishia, wapi. Silali.

MamaEksirei: Marahaba mwanangu, pole. Ndiyo hofu ileile ya Fukushima, kile kinu cha Japani kilichopata ajali mwaka 2011: wafanyakazi wa mkandarasi mdogo waliambiwa wafunike vipima mionzi kwa bamba la madini ya risasi ili visome kidogo. Kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisiveti (kizio cha mionzi aliyopata mtu) 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, bila kuzidi 50 mwaka wowote. Omba uongozi kwa maandishi: anayekaribia ahamishiwe karakana isiyo na mionzi, mshahara uleule. Pasipo hilo utafoka mpaka sauti ikauke.

Bakari_K: Na wafanye mazoezi nje kwanza, kwenye bomba la mfano, wakiwa na glavu na barakoa. Mkono uliozoea hautumii muda mrefu ndani. Muda ndiyo dozi ya mionzi.

FundiMchomeleaji: Asante mama, asante Bakari. Barua naiandika leo. Kesho kabla ya zamu nitakaa nao, nimwonyeshe kila mmoja namba zake mwenyewe za mionzi. Kumbe hatukuwahi kuwaonyesha.