Mrejesho: Kulizuia gari lisibadili leni lenyewe

Nilikuwa nimeuliza namna ya kulizuia gari langu lisihame leni kila ninapowasha indiketa kwenye barabara ya kutoka Changamwe kwenda Mariakani, na baadhi yenu mkanishauri nizime mifumo yote ya gari ya kumsaidia dereva. Nashukuru, lakini haikuwa lazima. Fundi wa umeme wa magari alinifungulia menyu, tukakuta kwamba kulishikilia gari katikati ya leni na kubadili leni ni vipengele viwili, kila kimoja na swichi yake. Nimezima cha pili, na cha kwanza nimekiacha.

Fundi alinieleza pia kwamba Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 79, inayohusu usukani, inataka dereva mwenyewe aanzishe hatua ya kubadili leni kwa indiketa huku mikono ikiwa kwenye usukani, tena katika barabara yenye kizuizi kati ya magari yaendayo na yajayo, yenye angalau leni mbili upande gari linakoelekea, na ambamo waenda kwa miguu na waendesha baiskeli hawaruhusiwi. Sasa, ni nani aliyewahi kuiona barabara ya namna hiyo pale Mazeras, bodaboda zikipenya kushoto na kulia ya malori ya makontena?

Onyo la gari lililo pembeni linaendelea kufanya kazi: taa ndogo ya manjano huwaka kwenye kioo cha upande tuktuk inaposogea. Kupita, napita kwa mkono wangu.