Digrii ya kriminolojia: je, gharama yake hurudi?

Mzazi, Nakuru: Binti yangu amepata C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, na anatamani kusomea digrii ya kriminolojia (elimu kuhusu uhalifu) kwa miaka 4, huku sehemu kubwa ya karo ikitegemea mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Je, mshahara wa baadaye utafidia gharama hiyo, ilhali polisi humwajiri konstebo mwenye D+?

Afisa wa probesheni (uangalizi wa wahalifu nje ya gereza): Mzazi mwenzangu, ikiwa anachotaka ni sare tu, digrii si lazima. Mwaka 2018 makonstebo wenye digrii waliondolewa mshahara wa kiwango cha inspekta, na mzozo huo ukafika mahakamani. Elimu hiyo hufaa zaidi katika kazi kama yangu, ambako hakimu husubiri ripoti yetu kuhusu mshtakiwa kabla ya kutoa hukumu. Wiki iliyopita niliketi jikoni kwa mama wa mshtakiwa, moshi ukituwasha macho, nikimwuliza ni nani aliyemlea kijana huyo. Naipenda kazi hii kwa dhati, lakini nafasi zake hutangazwa kwa nadra.

Mhasibu: Msihesabu karo pekee, hesabuni pia miaka 4 bila kipato. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho hudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, awe ameajiriwa au la.

Mzazi, Nakuru: Nawashukuru sana. Kabla ya kujaza fomu, nitampeleka mahakamani akasikilize kesi siku nzima, kisha tuketi na baba yake tuzirudie hesabu hizi.